Posa ya Ukoko

Miaka hiyo, upande wa vyakula vipya wa jokofu haukufunguka katika nyumba yoyote mpaka mabaki yaliwe yote. Siku wakwe watarajiwa walipokuwa njiani kuleta posa ya Nasra, mama yake, Zuwena, alikuwa na ukoko wa wali, maganda ya viazi na mashina ya mchicha tu.

"Mama, tutaaibika," alisema Nasra.

"Washa jiko, mwanangu."

Zuwena alikaanga maganda kwa pilipili na ndimu mpaka yakawa makavu. Ukoko aliuponda pamoja na mashina, akafanya kababu. Moyo ulimdunda kwa raha. Alijiona kama msichana anayejifunza kupika.

Wageni walimaliza kila kitu.

"Dada, hizi kababu utanifundisha," alisema mama wa bwana harusi, na posa ikakubaliwa kwa vigelegele.

Walipoondoka, jokofu lilifunguka, likasema kwa upole, "Hongereni. Nyumba hii imeshiba bila chakula kipya. Kuanzia kesho mtaletewa nusu tu ya mgao wenu wa chakula."

Sebuleni Nasra alikuwa akicheka na shoga zake kwenye simu. Zuwena aliufunga mlango wa jikoni taratibu, binti yake asije akasikia.