Kimya Hewani

"Sasa tunyamaze kidogo mbele za Mungu," mchungaji wa chuo akasema kwenye maikrofoni ya studio ya redio, akafumba macho.

Chiriku, mwanafunzi wa mawasiliano aliyebandikwa jina hilo kwa kuongea bila nukta wala mkato, akashtuka. Huu ulikuwa mtihani wake wa utangazaji, tena mubashara, na muhula mzima mwalimu alikuwa akiwaimbia wimbo mmoja: redio ikinyamaza, msikilizaji anahama.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha muziki. Nyuma ya kioo mwalimu alikuwa ametoa macho, anazungusha mkono: jaza, jaza!

Akamtazama mchungaji. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini. Huyu yumo katikati ya mazungumzo, Chiriku akawaza, na mazungumzo ya watu hayakatizwi.

Akaondoa kidole.

Kimya kikatanda, kikakolea, kikawa kitamu. Nyuma ya kioo mkono wa mwalimu ukashuka polepole, naye akainamisha kichwa.

Hapo ndipo tumbo la Chiriku, ambalo halikuwa limeonja hata chai, likanguruma mbele ya maikrofoni kama pikipiki inayopanda mlima.

"Amina," mchungaji akaitikia, macho bado kayafumba.