Samaki Aliyejikunja

Bi Shemsa alimtazama samaki aliyepakuliwa na Raya, mkaza mwanawe, akaguna. Samaki alikuwa amepinda mgongo. Kwa wajuzi wa jiko, kosa lilikuwa moja tu: hakuchanjwa, kwa hiyo akajikunja katika mafuta.

"Kwenu hamna visu?"

"Nilimchanja, Mama. Kavuliwa hivyo hivyo, hapo kwenye hori, maji machafu ya kiwanda cha ngozi yanakoingia baharini."

"Usimsingizie maiti."

Alimfungua kwa vidole, akauinua uti wa mgongo kwenye mwanga wa dirisha. Pingili zilikuwa zimeshikamana, zikawa mfupa mmoja mnene uliopinda mara mbili. Moto wa jiko hauungi mifupa. Kiumbe huyu alikuwa ameishi hivi, ameogelea hivi, amewakwepa waliomzidi ukubwa, na bado alikuwa amenona.

"Subhanallah," alinong'ona Bi Shemsa, ambaye hakuwa na mazoea ya kunong'ona.

Raya alikuwa amekaribia kujifungua, na njaa yake haikungoja mjadala. Tonge la wali na samaki lilikuwa limefika midomoni. Bi Shemsa akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, asimwachie. Katika ule wa kulia mfupa uling'aa, umepinda, mzima.