Ziwa Lisilopanda

Arobaini na mbili. Revocatus, msoma vipimo vya ziwa, akapiga magoti ukingoni mwa gati, akapangusa miwani, akasoma tena pale maji yalipogusa rula ndefu ya chuma. Arobaini na mbili, kama jana, kama kila siku kwa miaka mitatu. Akaandika kwa wino. Penseli ni ya watu wenye mashaka.

"Ziwa halijapanda hata kidole!" akawatangazia wajumbe kumi wa kamati ya mwalo, bandari ndogo ya wavuvi, waliokuwa wakimsubiri ufukweni Kirumba.

"Weee!" Bernadeta, mkaushaji dagaa, alikuwa amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini. "Mwanangu, hapa niliposimama ndipo zilipokuwa chanja zangu mwaka juzi. Nimezihamisha mara tatu. Masika yakija nitaanika dagaa wapi, kichwani? Tupeni pale juu."

"Mama, wewe unatazama kwa macho," Revocatus akamjibu kwa upole. "Mimi natazama kwa kipimo."

Wajumbe wakaangua kicheko. Pale juu walikwisha kupatenga pawe maegesho ya magari yao, ingawa mwenye gari alikuwa mwenyekiti peke yake.

Revocatus akarudi ufukweni, akinyata juu ya ubao wa kuvukia. Zamani ulikuwa wa hatua mbili. Sasa ulikuwa umeungwa na kuungwa mpaka ukafika hatua tisa. Alishamwandikia fundi Masalu barua kali kuhusu hilo. Gati gani hili linaloikimbia nchi kavu?

Revocatus alimhurumia yule mama, kweli kabisa. Mtu asiyejua kuchunguza mambo ana tabu duniani.

"Leteni karatasi nisaini," alisema mwenyekiti, Mzee Nkwabi. "Wakaushaji watabaki hukohuko chini. Ila kwanza tupige picha na kipimo chetu."

Wakavuka wote, wakajipanga kando ya rula, matumbo mbele. Gati, ambalo Masalu alilifunga juu ya mapipa matupu ili lielee, likadidimia kwa uzito wao, pamoja na rula iliyopigiliwa ubavuni mwake.

Revocatus akachungulia kwa mazoea. Hamsini na sita! Akapangusa miwani, akasoma tena, jasho likamtoka.

"Jamani, shukeni!" akapiga kelele. "Mnalipandisha ziwa!"