Harusi ya Daktari Benita

Daktari Benita alipokubali kuolewa, Radhia alimkatia shoga yake Kidawa simu.

Hakuwa na kawaida hiyo. Alikaa kitako hapo hapo ukumbini, akijifuta machozi, na kaka yake Hamoud alipouliza kulikoni akajibiwa kwamba ni kichwa. Angemwambia nini? Kwamba analilia mchezo wa televisheni?

Ulikuwa mchezo wa Kimeksiko uliotiwa sauti za Kiarabu fasaha kama cha hotuba ya Ijumaa, na mwaka ule wa tisini na sita Maskati nzima ilikuwa ikiutazama. Watu walimfuata Estrela na wanaume zake. Radhia na Kidawa wao walikuwa na mchezo wao ndani ya mchezo. Siku Daktari Benita alipomfunga Estrela bandeji, akakawia kuuachia ule mkono, Kidawa alimfinya Radhia paja, wakacheka mpaka Hamoud akawafukuza ukumbini. Toka hapo hawakutazama kitu kingine. Wanaume wapigane, mirathi igombaniwe, wao walikuwa wakisubiri Benita na Estrela watazamane tu.

Yao wenyewe hawakuyataja hata siku moja. Walimtaja Estrela, wakamtaja Benita, na yote yakawa yamesemwa. Walichothubutu kukisema kwa majina yao ni kuhamia Salala, mbali huko kusini: Kidawa aombe uhamisho wa ualimu, Radhia atafute kazi katika duka la dawa kule, wapange nyumba moja. Mashoga wawili kukaa pamoja ugenini, nani angeuliza? Radhia kazi ya kule alishaipata. Alikuwa akimngoja Kidawa.

Kisha Hamoud akashika dini kwa pupa ya mtu aliyechelewa, akapanda juu ya paa akaling'oa dishi. Radhia hakuhuzunika sana, maana Kidawa alimpigia simu kila alasiri akamhadithia yaliyopita. Na alijua kuhadithia. Mchezo wa mdomoni mwake ulikuwa mtamu kuliko wa kwenye kioo: Benita kamletea Estrela yasmini, Benita kalala kitini kwa kumuuguza. Radhia alifumba macho akaona yote.

Ndipo ikaja hiyo harusi.

Siku ya pili Kidawa alipiga tena, sauti imemshuka. Alimtetea Benita kwa mengi: ana mama mgonjwa, mchumba ni mtu wa ukoo, neno lilitolewa yeye yuko kazini. Radhia hakutaka kusikia. Mwanamke aliyesoma mpaka udaktari, anaozwa naye kimya? Alijiona kama aliyesalitiwa yeye, na alisema hivyo.

"Ungekuwa wewe ndiye Estrela," Kidawa akauliza, "ungemsamehe?"

"Angekuja mwenyewe akanambia uso kwa uso, labda. Lakini nisikie kwa watu? Abadan."

Kidawa akasema anaitwa jikoni.

Siku zilizofuata hakupiga. Radhia akajua kamuudhi shoga yake kwa ajili ya watu wasiokuwepo duniani, akaona haya. Hata hivyo hasira zake kwa Benita hazikumtoka. Mwishowe aliomba ruhusa katika duka la Maskati alikokuwa bado akifanya kazi, akapanda teksi mpaka Matrah kwa shangazi yake, Bi Sayyida, ambaye dishi lake halikuguswa na mtu. Alitaka kuiona hiyo harusi, ambayo Kidawa alisema ni ya wiki ile, kwa macho yake. Moyoni alikuwa na tamaa kwamba Benita atageuka dakika ya mwisho, naye apate sababu ya kumpigia Kidawa wakapatana.

Walitazama wakinywa kahawa. Estrela alitokea, kavaa nguo nyeusi. Wanaume zake walitokea, mmoja baada ya mwingine. Benita hakutokea wala hakutajwa, na mchezo ukamalizika.

"Shangazi, mbona daktari hayumo? Harusi yake si wiki hii?"

"Daktari yupi, Benita?" Bi Sayyida alimgeukia. "Huyo mbona kafa zamani, mwanangu, tangu kabla ya Ramadhani. Gari lilimpindukia. Sie tulimlia hapa hapa."

Radhia akasema haiwezekani. Kidawa kamhadithia juzi juzi tu: mama mgonjwa, mchumba wa ukoo, kila kitu.

Bi Sayyida alicheka, akammiminia kahawa nyingine.

"Humo hamna harusi. Harusi nnayoijua mie ni ya Kidawa mwenyewe na Mahfoudh wa ukoo wao, Alkhamisi hii. Na mama yake kanambia, Kidawa kamuapia kwamba wewe ndiye wa kwanza kupewa khabari."