Shujaa Asiye na Kabila

Shujaa wa Mzee Marete hakuwa na jina. Hakuwa na upanga, hakuwa na viatu, hakuwa na baba wala mama. Juu ya yote hakuwa na kabila, na bila kabila Emuron alikataa kurusha dadu.

"Chagua, mzee," alisema Emuron. "Kwanza kabila, mengine baadaye."

Walikuwa watatu kwenye meza ya plastiki, katika chumba cha kupanga cha Emuron mtaani Bulla Pesa, jua la Jumamosi likichoma mabati. Mchezo ulikuwa wa kusimulia. Emuron alieleza dunia ya kubuni, wachezaji wakasema mashujaa wao wanafanya nini, dadu zikaamua. Kiende, binti wa Marete, alikuwa akiucheza na Emuron tangu chuo. Leo alikuwa amemleta baba yake.

Marete alijua hakuletwa kucheza. Alikuwa amenyoa ndevu, akavaa koti la kanisani, akabeba na sukari. Njiani Kiende alimwonya.

"Baba, chunga ulimi. Ukianza yale maneno yako juu ya Waturkana, hiyo ndoa imeisha."

Kule kijijini Gotu, wazee wa Kiturkana wa kwao Emuron walikuwa wakingoja jibu. Mambo ya ndoa hawakuyasikiliza kwa simu.

"Kuna makabila gani?" Marete aliuliza.

"Kuna watu wa msituni, wenye masikio marefu, wanaringa sana. Kuna wafupi wa milimani. Hao ni wachapa kazi, lakini kutoa pesa mfukoni ni vita."

"Hao ni sisi Wameru," Kiende alisema, akacheka.

Marete hakucheka. "Wengine?"

"Binadamu. Halafu mazimwi. Hao wanatembea na mifugo nyikani. Mji wowote ukipoteza mbuzi, wanasakwa wao."

Emuron alisema hayo akimtazama usoni. Marete aliinamisha macho. Dukani kwake maneno ya namna hiyo yalisemwa kila siku, na mara nyingine msemaji alikuwa yeye.

"Mtoto wa zimwi na binadamu anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa."

"Anaishi kwa nani?"

"Hapo ndipo shida yake, mzee. Anaishi kwa yeyote atakayemkubali."

"Basi nipe huyo."

Kiende aligeuka akamtazama baba yake kama mtu aliyeketi karibu na mgeni.

Dadu zilirushwa, safari ikaanza. Shujaa alivuka nyika pamoja na mama mmoja wa kizimwi aliyeumia mguu. Jioni wakafika kwenye lango la mji wa binadamu. Askari akamvuta shujaa kando.

"Wewe unaweza kupita," Emuron alisema kwa sauti ya askari. "Funika hayo meno yako ya kizimwi kwa kitambaa, nitasema ni binadamu. Huyo mama abaki nje."

"Nje kuna nini?" Marete aliuliza.

"Baridi. Na fisi."

"Ingia, baba," Kiende alisema. "Pata silaha kwanza, urudi umchukue."

"Nikirudi nitamkuta?"

"Hilo ni la dadu," Emuron alijibu.

Upepo ulilipiga pazia la mlangoni, hakuna aliyelishika.

"Shujaa wangu hafuniki meno," alisema hatimaye. "Anakaa nje na huyo mama. Anawasha moto. Na huyo askari namwambia hivi, mjinga wewe..." Kiende alimkanyaga mguu. "Namwambia asante kwa kutukaribisha."

Emuron alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Dadu hakuzigusa. Alivuta karatasi tupu, akaandika polepole, kisha akaisogeza mbele ya Marete aisome.

"Wajomba zangu, nimekaa na Mzee Marete. Mimi, mtoto wa kwanza, nasema mama yangu aolewe naye."

Emuron akaitia karatasi kwenye bahasha, akalamba gundi, akaifunga, akampa Kiende aikimbize kwenye pikapu iendayo Gotu.