Kiporo cha Mzee Shebe

Siku hizi mfumo wa nyumba ukibadilishwa toleo, programu za vyombo vyote vya ndani hukoma siku hiyo hiyo. Ndiyo sheria, bisha usibishe. Jumatatu hiyo jiko la Bi Mwanahawa liliamka jipya, lina adabu, halikumbuki kitu.

Programu ya zamani ilipika wali wa watu wawili hadi mwisho. Mumewe, Shebe, alishatangulia mbele ya haki, lakini Bi Mwanahawa hakuisahihisha. Kiporo alikinywea chai asubuhi, kama walivyozoea wote wawili.

"Mpikie na Mzee Shebe," aliliambia jiko.

"Samahani, Bi Mwanahawa. Nyumba hii haijawahi kuwa na mtu huyo."

Wali ulitoka mzuri, wa kumtosha yeye tu. Kesho yake alifunua sufuria kwa mazoea. Ilikuwa imeshaoshwa.