Ndege Iliyodai Mji

Siku hizi ndege humtegea rubani vitendawili angani. Akishindwa, ndege humhesabu kuwa amechoka: hudai mji, kama watoto, kisha hujiendesha yenyewe na kutua huko.

Binti yangu Tunu alipaswa kutua Mwanza. Akanipigia simu kutoka Tabora.

"Nimekosa kimoja, Mama. Abiria wananunua asali, wananicheka."

"Si nilikwambia ulale, we mtoto! Kipi hicho?"

"Harushi ndege, lakini halali mpaka ndege itue."

"Mama wa rubani," nikajibu papo hapo.

"Ningejuaje? Wewe si hulala kama gogo!"

Tukacheka sana. Lakini kukesha kwangu sijamwambia mtu yeyote, na ndege hiyo sijawahi kuipanda.